Lincoln, Uingereza: anza na kanisa kuu, ngome baadaye

Stesheni ya treni ya Lincoln iko bondeni. Kanisa kuu na ngome viko juu mlimani. Katikati kuna njia ya Steep Hill, yaani mlima mkali, na ni mkali kweli: kwa kila mita 7 unapanda karibu 1. Mawe yake huteleza mvua ikinyesha, kwa hiyo viatu vya soli nyororo viache hotelini. Mwenye magoti mabovu apande teksi hadi Castle Hill, uwanja ulio juu kati ya ngome na kanisa kuu, kisha ateremke kwa miguu.

Wengi huanza na ngome, wakaingia kanisani wamechoka. Wanakosea, maana kazi kubwa iko kanisani. Kabla ya kuingia, simama mbele ya uso wa magharibi. Matao mazito ya katikati ni mabaki ya kanisa lililowekwa wakfu mwaka 1092. Ukuta mpana unaoyazunguka, wenye safu za vitao vidogo, uliongezwa baadaye. Tetemeko la ardhi la 1185 lilibomoa sehemu kubwa, na Askofu Hugh wa Avalon akaanza kujenga upya mwaka 1192.

Ndani, kaa muda mrefu kwenye kwaya, yaani sehemu ya kanisa ya waimbaji na makasisi, inayoitwa kwa jina la Hugh. Inua macho: mbavu za dari la mawe, yaani matao membamba yanayolishika, hazikutani mahali pamoja kama ilivyo desturi, bali zinapishana, za upande huu na za upande ule, kila moja na kituo chake. Ukitazama upesi utadhani fundi alipotea hesabu. Sivyo. Hapa mbavu zimeanza kuwa pambo, si kiunzi tu, na hiyo peke yake inatosha kulipia kiingilio.

Mashariki zaidi ni Kwaya ya Malaika, iliyokamilika 1280. Kijishetani cha mawe, sanamu mashuhuri ya hapa, kimekaa upande wa kaskazini, juu kati ya matao mawili. Ni kidogo mno. Beba darubini, la sivyo utatoka hujakiona. Kuhudhuria ibada hakuna kiingilio, ila wakati wa ibada huruhusiwi kuzurura, hivyo angalia ratiba kwanza.

Ngome ilianzishwa na Mfalme William Mshindi mwaka 1068. Kutembea juu ya ukuta wake kunafaa zaidi asubuhi, upepo ukiwa mpole. Katika gereza lililo humo ngomeni, la zama za Malkia Victoria, usikose kanisa la wafungwa: kila mmoja alifungiwa kibanda chake, akimwona mhubiri bila kumwona jirani.

Magna Carta ya 1215, hati iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme wa Uingereza, moja ya nakala 4 zilizosalia, imehifadhiwa humo humo ngomeni. Chumba kina mwanga hafifu ili kulinda wino na ngozi iliyoandikiwa, na maandishi ni ya Kilatini, madogo, yenye vifupisho tele. Soma maelezo kwanza ndipo uitazame. Nakala hiyo imewahi kusafirishwa, mathalani kwenda New York mwaka 1939, hivyo uliza kama ipo kabla ya kununua tiketi.

Dakika chache kaskazini kuna Newport Arch, lango la Warumi ambalo magari bado hupita chini yake, bure kabisa. Ardhi imepanda kwa karne nyingi, ndiyo maana tao linaonekana fupi; mwaka 1964 lori liligonga na kukwama hapo. Unapopiga picha, simama pembeni, si barabarani.