Uzoefu wangu: programu ya Jumamosi ya wanafunzi hapa Dodoma, na sherehe yake ya kufunga mwaka

Kwa mwenye haraka: programu ni nzuri na ada yake inajilipa. Sherehe ya kufunga mwaka ndiyo iliyoniudhi, maana ratiba yake ilitungwa kwa ajili ya wageni wa meza kuu, wenye kazi wakawa wasindikizaji. Sitaitaja jina wala kuwataja walimu. Programu za namna hii zimeongezeka tangu mji ujae watu, na mengi ya hapa yatamfaa mzazi anayepima kama amwandikishe mtoto Januari, iwe kwa hawa au kwa wengine.

Wanakutana kila Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 na nusu, katika madarasa ya kukodi upande wa Kisasa. Wanapokea watoto wa darasa la tatu hadi kidato cha pili na kuwagawa katika makundi matatu kwa umri. Ada ni shilingi 150,000 kwa muhula, na 25,000 ya vifaa inalipwa mara moja kwa mwaka. Hiyo ya vifaa usiilalamikie: mtoto anapewa mfuko wake wenye waya, betri, taa ndogo za LED, swichi, mota moja, futi ya kupimia na daftari la kumbukumbu, na mwisho wa mwaka anaondoka nao. Kuna sayansi ya mikono, kompyuta, kusoma kwa sauti, sataranji na ngoma. Tuisheni hakuna, na wanalisema hilo wazi. Anayetaka mtoto akaririshwe majibu ya mtihani wa darasa la saba, hapa si mahali pake.

Programu kama hii naipima kwa meza za maonyesho siku ya kufunga. Vikombe na vyeti havinielezi chochote. Kinachonieleza ni mtoto kukibomoa kitu alichokitengeneza na kukiunda tena mbele yangu, bila mwalimu kumnong'oneza. Mlima wa volkano wa magadi soda na siki, ambao hufurika povu wazazi wakapiga makofi, kwangu hauna alama hata moja kama mtoto hajapima kiasi cha magadi wala kuandika kilichobadilika alipoongeza siki. Hapa haukuwepo, nikashukuru.

Meza iliyonivutia kuliko zote ilikuwa na sufuria ya maji kwenye jiko dogo la gesi na kipimajoto kilichoning'inizwa kwa uzi kutoka kwenye kijiti. Maji yalikuwa yanatokota na kipimajoto kinasoma digrii 96. Mzazi mmoja akawauliza, "Mbona kipimajoto chenu kibovu?" Msichana wa darasa la sita akamjibu, "Si kibovu, baba. Dodoma ndiyo iko juu." Akaeleza sawasawa: mji huu uko mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa Dar es Salaam, na kwa kila mita 300 hivi unazopanda, maji huchemka kwa karibu digrii moja pungufu. Maharage nayo hapa yanakawia kuiva kwa sababu hiyo hiyo, au ukubali kutumia sufuria ya presha.

Wangeishia hapo ningesema wamekariri. Lakini pembeni walikuwa na kikombe cha barafu iliyopondwa na maji kidogo. Kipimajoto huanzia humo, kisome sifuri, ndipo kinaingia kwenye sufuria. Vile vya bei nafuu hukosea digrii moja au mbili tangu dukani, na bila kipimo cha barafu hujui kama 96 yako ni ya mwinuko au ya kiwanda. Waliwaonya pia wageni wasiache ncha iguse chini ya sufuria, kwa sababu bati la chini lina joto kuliko maji na usomaji unaruka. Mtoto aliyefundishwa kukishuku kifaa chake kabla ya kukiamini amefundishwa kweli.

Nje uwanjani walisimika fimbo ya mita moja, ili kivuli chake kiwaonyeshe jua linafika kilele saa ngapi. Jaribio hili nalijua vizuri, na ndilo lililonifanya niikasirikie ratiba. Dodoma iko karibu nyuzi 36 za longitudo mashariki, ila saa zetu zimefungwa kwenye nyuzi 45, mstari unaopita baharini nje kabisa ya nchi. Kwa hiyo jua halifiki kilele saa sita kamili. Mwishoni mwa Novemba hufika kama saa sita na dakika ishirini na tano, na kwa kuwa wakati huo jua limeshuka kusini kwetu, kivuli huelekea kaskazini. Fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita 27 hivi. Karibu na tarehe 9 Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, jua hupita utosini na kivuli hicho kinakaribia kuisha kabisa. Daftari za watoto zilikuwa na kipimo cha Oktoba, kimechorwa vizuri.

Kosa la wengi katika jaribio hili ni kusubiri kivuli kifupi kuliko vyote na kukitia alama. Hukipati. Dakika tano kabla ya kilele na dakika tano baada yake urefu hutofautiana kwa milimita moja tu, na ukingo wa kivuli wenyewe una ukungu mpana kuliko hapo. Njia sahihi, na ndiyo waliyofundishwa, ni kuchora duara kuzunguka fimbo, kutia alama kivuli kinapogusa duara asubuhi, kusubiri kiliguse tena mchana, halafu kugawanya kwa mbili muda uliopo kati ya alama hizo. Fimbo inyooshwe kwa timazi, na jiwe lililofungwa kwenye uzi linatosha. Ardhi nayo isawazishwe kwa maji kwenye sahani. Upepo wa Dodoma ni adui wa timazi, basi jiwe lizamishwe kwenye ndoo ya maji ili litulie.

Sasa, saa sita na dakika ishirini na tano watu wote walikuwa wameketishwa chini ya turubai wakimsubiri mgeni rasmi. Mshereheshaji alikuwa amekataza watoto kuzunguka. Wawili walitoroka wakaenda kwenye fimbo, wakarudishwa. Alama ya mchana haikuwekwa, na kazi ya siku nzima ikabaki nusu. Nimewaandikia waandaaji: ratiba ya siku ya kufunga ianze na meza, na kama kuna jambo linalofuata jua, hotuba ndizo zipishe. Jua halijui itifaki.

Saketi za umeme nitazipitia haraka, maana zilikuwa nzuri kwa kiasi. Taa nyekundu za LED zilizoungwa kwa betri mbili za volti 1.5 na rizista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) ya omu 100 ziliwaka bila shida. Taa nyeupe zilififia mpaka zikaonekana kama zimeungua, na watoto wa kundi dogo hawakujua sababu. Nyeupe inahitaji karibu volti 3 ili iwake vizuri, wakati nyekundu inaridhika na 2. Betri mbili zilizotumika majaribio wiki nzima hushuka hadi volti 2.4 au chini, nyekundu inavumilia na nyeupe inagoma. Dawa yake ni betri mpya asubuhi ya maonyesho, au betri tatu na rizista kubwa zaidi. Multimita moja mezani, kile kifaa cha kupimia volti, ingelifichua hilo kwa sekunde kumi. Ilikuwepo, imefungiwa kabatini.

Kompyuta ndipo penye udhaifu. Watoto wanne kwa laptopu moja ni wengi mno: mmoja anabonyeza, mwingine anaelekeza, wawili wanatazama nje. Wawili kwa mashine moja ndiyo kiwango kinachofaa, na wabadilishane kiti kila baada ya dakika kumi na tano. Wanatumia Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kutunga programu na michezo ya kompyuta, iliyosakinishwa bila kutegemea intaneti, jambo la busara kwa bando zetu. Ila siku ya maonyesho walitaka kuonyesha michezo yao kwa projekta chini ya turubai wazi saa tano asubuhi. Mwanga wa Dodoma mwezi wa Novemba huwezi kushindana nao kwa projekta ya darasani. Picha haikuonekana hata na waliokaa mbele. Zile laptopu zingepangwa ndani ya darasa, mapazia yashushwe, wazazi wapite kwa zamu.

Kikaushio cha jua cha kundi la wakubwa kinastahili sifa. Ni sanduku la mbao lenye bati lililopakwa rangi nyeusi ndani, nailoni ngumu juu, tundu la kuingiza hewa chini mbele na la kutolea juu nyuma, na wavu wa kuwekea chakula. Zabibu hazikuwa kwenye msimu, wakakausha mlenda na nyanya. Walileta pia sanduku la pili walilolijenga kwanza, lisilo na tundu la juu, ili watu waone linavyoharibu: nailoni imejaa matone, nyanya zimeota ukungu. Kuwaachia watoto waonyeshe kazi iliyoshindwa, wakieleza kwa nini imeshindwa, ni uamuzi wa mwalimu anayejiamini. Watayarishe la zabibu kwa mavuno ya mwanzo wa mwaka, wakikumbuka kuzichovya kwanza kwenye maji ya moto ili ile nta ya ganda ipasuke, la sivyo zitakaa siku nyingi bila kunyauka. Kilo nne mbichi hutoa kama kilo moja ya kavu, na hesabu hiyo peke yake ni somo la Jumamosi moja.

Ngoma ya muheme ilipigwa na wasichana, na ilikuwa fupi na safi. Walizianika ngozi juani kabla ya kuanza ili zikaze, wakaziondoa mapema zisipasuke. Baada yao spika ikafungua muziki wa kurekodiwa kwa nusu saa. Sijui nani aliuomba.

Mengine ya siku hiyo ni ya kawaida kwa shughuli zetu. Kadi ilisema saa 3, mambo yakaanza saa 5. Chakula kilichopangwa saa 7 kilifika saa 9, tena kikapungua, na watoto wa darasa la tatu walikuwa wameshalala kwenye viti. Kilo moja ya mchele hutosha watoto wanane hivi kwa pilau. Waliohudhuria walijulikana wiki nzima kabla kwenye kundi la wasapu, kwa hiyo kupungukiwa hakukuwa na sababu. Vyeti vilichapwa vizuri, ila majina kadhaa yalikosewa, na cheti kikishapitishwa kwenye leminesheni hakirekebishiki. Orodha ya majina ibandikwe mlangoni Jumamosi mbili kabla, kila mtoto alisahihishe la kwake.

Picha ni suala zito zaidi. Sura za watoto zilisambazwa mtandaoni siku hiyo hiyo pamoja na majina kamili na shule wanazosoma. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ilishaanza kutumika. Fomu ya ridhaa ya mzazi ni karatasi moja tu, itolewe Januari pamoja na fomu ya kujiunga, na anayekataa mtoto wake asipigwe picha ya karibu.

Kwa anayefikiria kujiandikisha, nenda Jumamosi ya kawaida, usingoje siku ya sherehe. Hesabu watoto kwa kila mwalimu. Hapa ni kati ya kumi na wanne na kumi na sita, na kwa kazi za mikono hiyo ndiyo mwisho. Omba daftari la mtoto yeyote ulifungue katikati: ukikuta vipimo vilivyofutwa na kupimwa upya, kaa, ukikuta maelezo yaliyonakiliwa ubaoni kwa mwandiko mmoja, ondoka. Uliza wanafanyaje kuanzia Agosti, shule zinapowarudisha darasa la saba na la nne madarasani Jumamosi kwa ajili ya mitihani ya Septemba na Oktoba. Hapa makundi yalipungua karibu nusu katika miezi hiyo na ada haikupunguzwa. Nilipouliza, walikubali mtoto wa darasa la mtihani alipe nusu ya muhula wa pili, lakini haijaandikwa popote, kwa hiyo ukijiunga omba iandikwe kwenye risiti.

Usafiri nao uuhesabu. Kutoka Nzuguni au Nkuhungu mtoto atapanda daladala mbili, na wakati wa kurudi jua ni kali. Chupa ya maji ya lita moja na kofia ni vya lazima, kwani pale mahali hakuna maji ya kunywa zaidi ya dumu moja linaloisha kabla ya saa 5.

Wangu nimemwandikisha tena kwa mwaka ujao, kundi la wakubwa, kwa sharti kwamba kompyuta ziwe za watoto wawili wawili. Wamesema wananunua laptopu nne kabla ya Februari. Zikifika nitaongeza maelezo hapa, zisipofika pia.