Joistiki na pedali za simuleta ya ndege: zipi hudumu zaidi?

Anayetafuta joistiki kwa ajili ya simuleta ya ndege huvutwa kwanza na wingi wa vitufe na umbo la mpini, ilhali uhai wa kifaa huamuliwa na sehemu mbili zilizofichika ndani yake: kihisi kinachosoma mwendo wa mkono, na kiungo cha chini kinachobeba mpini. Mpangilio ufuatao umezipa sehemu hizo mbili uzito kuliko kitu kingine chochote.

Kihisi cha zamani ni potenshiomita, ambamo ulimi mdogo husugua utepe wa kaboni kila mpini unaposogezwa. Msuguano huula utepe, vumbi hupenya, na hatimaye kompyuta hupokea ishara zinazorukaruka hata mkono ukiwa umetulia. Joistiki yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Ndege iliyumba kila nilipokaribia kutua, nami nikadhani ni upepo wa kwenye programu. Kihisi cha sumaku, kinachotumia kanuni iliyogunduliwa na mwanafizikia Edwin Hall mwaka 1879, hakina sehemu zinazosuguana, na kwa hiyo ndicho ninachokitaka kwanza katika kifaa chochote.

Kwa mnunuzi wa kawaida naiweka VKB Gladiator NXT EVO katika nafasi ya kwanza. Mihimili yake mikuu, yaani mwendo wa mpini wa mbele-nyuma na kushoto-kulia, husomwa bila mguso, springi zake hubadilishwa, na ukinzani wa mpini hurekebishwa ili ulingane na mkono wa mtumiaji. Mwili wake ni wa plastiki, jambo linalowafanya wengi waidharau bila sababu, kwa kuwa plastiki ya nje haichakai kwa kusukumwa. Ya pili ni Thrustmaster T.16000M, ambayo ni nyepesi na ina kihisi cha sumaku kwenye mihimili mikuu, lakini msokoto wa mpini, ule unaoendesha usukani wa mkia, bado hutegemea potenshiomita, na hapo ndipo huanza kuchoka.

Nafasi ya tatu naipa HOTAS Warthog ya kampuni hiyo hiyo (HOTAS ni seti ya joistiki na mkono wa kuongozea nguvu ya injini), na najua wapo watakaonipinga. Mpini wake, ulioigwa kutoka ndege ya kivita ya A-10C, ni wa chuma kizito na vihisi vyake ni vya sumaku. Hata hivyo, uzito wote huo huegemea kiungo cha plastiki chenye springi kubwa, ambacho hukwama-kwama karibu na kitovu grisi inapokauka. Aliye tayari kukifungua na kukipaka grisi isiyoharibu plastiki atakaa nacho miaka mingi. Logitech Extreme 3D Pro inafaa kwa anayejaribu tu kama mchezo huu utampendeza.

Pedali, ambazo huendesha usukani wa mkia kwa miguu, hupata mateso makubwa zaidi, kwa sababu mguu husukuma kwa nguvu kuliko mkono na vumbi la sakafuni haliishi. MFG Crosswind, zinazotengenezwa Kroatia, ndizo za kwanza kwangu: zina sehemu za chuma na vihisi vyake havigusani. Thrustmaster TPR, zinazoning'inia kama bembea na kuwa na uzito wa takriban kilo 7, zinazikaribia sana, na uzito huo ni faida, maana pedali nyepesi huteleza mbali na kiti wakati wa kufunga breki. VKB T-Rudder ni imara lakini hazina breki za ncha za miguu, hivyo zinamfaa zaidi mpenzi wa helikopta. TFRP za Thrustmaster ni za plastiki, hutembea juu ya reli, na miguu hubanana. Nazishauri kwa mwenye bajeti ndogo pekee.

Ukinunua kifaa kilichotumika, omba kiunganishwe na kompyuta mbele yako na ufungue dirisha la Windows la kukagua vidhibiti vya michezo. Sogeza kila mhimili polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha uachie: alama ikitetemeka, ikiruka, au ikikataa kurudi katikati, kihisi au kiungo kimechakaa. Kagua pia mahali waya unapoingia kwenye kitako, kwani hapo hukatika ndani kwa ndani huku gamba la nje likionekana zima.