Mafunzo ya wajumbe wa tabianchi Mbale: nendeni, ila someni haya kwanza

Wengi wananiuliza kama wajiandikishe kwa yale mafunzo ya siku tano ya wajumbe wa jamii, yanayofanyika Mbale, mashariki mwa Uganda, kabla ya mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa. Niliyapitia mwaka 2024, kisha Novemba nikaenda kwenye mkutano wenyewe Baku, Azerbaijan, nikiwa mwangalizi kwa niaba ya kikundi chetu cha wakulima wa kahawa Bududa. Jibu langu ni nendeni.

Siku mbili za mwanzo ziliniumiza. Tulitoka Bugisu, Sebei, Moroto na Arua, na wakati wa chai tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha. Tukirudi darasani, mwalimu anafundisha kwa Kiingereza kitupu na makaratasi yote ni ya Kiingereza. Mzee mmoja mfugaji kutoka Kween, anayejua habari za malisho kuliko sisi sote, alikaa kimya siku zote mbili.

Siku ya tatu akaja dada mmoja aliyekwisha kuhudhuria mikutano hiyo mara kadhaa. Alibandika ukutani ukurasa wa rasimu ya makubaliano uliojaa mabano ya mraba. Akatueleza kwamba maneno yaliyo ndani ya mabano bado hayajakubaliwa, na wapatanishi hukesha wakiyaondoa moja moja. Kisha akatusimulia ya mkutano wa Paris, tarehe 12 Desemba 2015: rasimu ya mwisho ya Mkataba wa Paris ilikuwa na neno la kuzilazimisha nchi tajiri kutangulia kupunguza hewa ukaa, Marekani ikalikataa, na dakika za mwisho likabadilishwa likawa la kuhimiza tu.

"Haya, lisemeni kwa Kiswahili," akasema. Tukabishana karibu saa nzima: "lazima zitangulie" au "yafaa zitangulie"? Hapo ndipo mzee wa Kween alipofungua mdomo. "Mwanangu, ng'ombe wangu wakila mahindi ya jirani, siambiwi yafaa nilipe." Tangu hapo hakunyamaza tena, na mimi sitasahau tofauti ya maneno hayo mawili.

Somo lililonifaa zaidi Baku ni la vitambulisho, yaani nani anaruhusiwa kuingia na kusema wapi. Mwangalizi hana kiti mezani. Serikali ndizo zinazoamua, kwa makubaliano ya wote, na vikao vingi vidogo hufungwa milango. Waangalizi wamegawanywa makundi tisa, wakulima wakiwa mojawapo, na kila kundi hupewa dakika chache za kusema. Ndiyo maana tulifundishwa kumfuata mjumbe wa nchi yetu koridoni mapema, tukiwa na karatasi ya ukurasa mmoja. Nilifanya hivyo. Afisa mmoja aliisoma yangu akiwa amesimama, akaniuliza watu wetu wa maporomoko waliohamishiwa Kiryandongo na Bunambutye wanalima nini sasa. Nilimjibu kwa majina ya mazao.

Jambo ambalo hatukuambiwa ni kwamba wakalimani wako kwenye vikao vikubwa tu, kwa lugha sita za Umoja wa Mataifa: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili hakimo. Asiyejua Kiingereza aende na mwenzake wa kumnong'oneza.

Malazi safi, chakula kizuri, na siku ya nne tulikula malewa, machipukizi ya mianzi, ya karanga. Nauli hurudishwa siku ya mwisho, kwa hiyo njooni na akiba yenu.

Upungufu mkubwa uko kwenye mfuko wa hasara na uharibifu, ule wa kusaidia nchi zinazoendelea zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022. Ulipewa nusu saa, jua likizama, watu wamechoka. Kwa sisi wa Mlima Elgon hilo ndilo jambo lenyewe. Kijiji cha Nametsi, Bududa, kilifunikwa na maporomoko ya udongo tarehe 1 Machi 2010. Mkutano wa Baku ulifungwa usiku wa kuamkia tarehe 24 Novemba kwa ahadi ya dola bilioni 300 kwa mwaka kwa nchi zinazoendelea ifikapo 2035, na tarehe 27 mlima ukaporomoka tena, Bulambuli. Begi langu la safari lilikuwa bado halijafunguliwa. Simu zilipoanza kulia nikaulizwa, mama, ule mfuko unaombwaje? Sikuwa na jibu.

Nimewaandikia waandaaji: mfuko huo upewe siku nzima, na yule dada afundishe kuanzia asubuhi ya kwanza.