Kaptula ya pauni 190, jezi ya pauni 165: moja nitainunua tena

Nianze na kaptula, maana ndiyo iliyonibadilisha mawazo kuhusu bei za nguo za baiskeli. Ni Equipe RS ya Assos, kampuni ya Uswisi iliyoanza mwaka 1976. Nilitoa pauni 190. Kwa ndugu zangu walioko Tanga hizo ni zaidi ya shilingi laki sita, na najua kuna atakayesoma hapa akaguna. Hata mimi niliguna, nikakaa nayo wiki tatu kichwani kabla ya kulipa.

Naishi Barking, mashariki ya London, na siku tano kwa wiki naenda kazini kwa baiskeli kupitia njia ya baiskeli namba 3, ile inayoanzia kwetu kuelekea Tower Hill. Jumapili tunatoka kikundi kwenda msitu wa Epping na kuzunguka vijiji vya huko, kilomita 80 hivi. Kwa kaptula za pauni 25 nilizokuwa nazo, kilomita za mwanzo zilikuwa nzuri. Kuanzia ya arobaini nilianza kuinuka inuka kwenye siti. Nikirudi nyumbani nimechubuka, na Jumatatu nina vipele visivyonikalisha kitini. Mara mbili ilibidi niiache baiskeli wiki nzima nipone.

Ukiigeuza hii ya Assos ndani nje utaona fedha ilipokwenda. Pedi, ile sponji ya kukalia, haikushonwa kuzunguka kote. Imeshikwa mbele na nyuma, pembeni imeachwa wazi, hata kidole kinapita chini yake. Mguu unapozunguka, pedi inatulia na mwili wakati kitambaa cha paja kinakwenda zake, kwa hiyo ngozi haisuguliwi. Mikanda ya mabegani inaivuta juu, haitelezi. Tangu niivae sijapata kipele hata kimoja, na nimeshakwenda nayo karibu kilomita 7,000. Kasoro yake ni saizi: nilivaa ya kati kila mahali, hapa nikalazimika kupanda moja. Ijaribu kwanza kama duka lipo karibu.

Sasa jezi.

Jezi ilitoka kampuni nyingine, mojawapo ya hizi zinazotoa toleo dogo, zinatangaza siku na saa, na likiisha halirudi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikakaa na simu mkononi nikingoja saa mbili asubuhi. Ilipofika saa mbili na dakika kumi saizi zote zilikuwa zimekwisha, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobahatika. Pauni 165, zaidi ya mshahara wa zamu moja. Nasema kweli, siku ile nilifurahi kama mtu aliyeshinda kitu. Rangi yake ya udongo ilikuwa nzuri sana, na kitambaa chepesi, kinakauka upesi.

Jumapili iliyofuata, pale kwenye kibanda cha chai cha High Beach, ndani ya msitu wa Epping, watu ambao kwa miaka miwili tulikuwa tunapungiana mikono tu walinijia kuniuliza niliipataje. Wakanisogezea nafasi kwenye benchi. Nilikunywa chai yangu nikiwa na furaha na uchungu kwa pamoja. Mwendo wangu ulikuwa uleule, na stori zangu zilezile. Kilichobadilika ni shati.

Haukupita mwezi wa tatu, mshono wa mfuko wa nyuma ukaanza kuachia. Sikuweka jiwe humo. Ilikuwa pampu ndogo, ndizi mbili na funguo. Niliwaandikia na picha. Wakajibu kwa adabu kwamba toleo lile limekwisha, hawana ya kunibadilishia, ila watanipa punguzo kwenye toleo lijalo. Nililisoma jibu lile mara mbili. Kumbe uchache niliolipia ndio ulionifungia mlango: ingekuwa jezi ya kawaida inayokaa dukani, wangenipa nyingine kesho yake. Na punguzo lenyewe lilinitaka nikae tena na simu saa mbili asubuhi, nitoe pesa nyingine, ndipo nifaidi.

Niseme wazi kwamba jezi yangu si ya kampuni ya Rapha, kwa sababu ukitaja nguo ghali za baiskeli hapa London wengi wanawaza Rapha kwanza. Na haki yake. Simon Mottram aliianzisha hapa hapa mwaka 2004, wakati nguo nyingi za baiskeli zilikuwa zimejaa nembo za wadhamini kifua kizima, yeye akaleta jezi nyeusi yenye mstari mmoja mkononi. Sisi wa Afrika Mashariki wengi tuliliona jina hilo kupitia Chris Froome, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Nairobi, aliyefundishwa na Mkenya David Kinjah. Timu yake ya Sky ilivaa Rapha kuanzia 2013 hadi 2016, na ndani ya miaka hiyo alichukua Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mara tatu. Mwaka 2017 kampuni ikauzwa kwa pauni milioni 200 hivi, wanunuzi wakiwa Steuart na Tom Walton, wajukuu wa Sam Walton wa maduka ya Walmart ya Marekani. Rapha wana klabu ya kulipia kila mwaka pia, yenye nguo ambazo asiye mwanachama hauziwi. Sijajiunga. Ningependa kuendesha na watu wale, lakini nguo ninayoruhusiwa kuinunua kwa sababu nimelipa kiingilio hainipunguzii kilima.

Bei kubwa hainiudhi. Pedi iliyofikiriwa vizuri inagharimu kuitengeneza, na mfanyakazi wa hospitali kama mimi, anayetembea wodini kwa muda wa saa kumi na mbili, ana haki ya kukaa kwenye siti bila maumivu. Kinachoniliza ni kulipishwa kwa sababu tu wenzangu wameikosa nguo hiyo.

Desemba nilikwenda Tanga, nikaibeba jezi. Ngamiani kuna fundi cherehani mzee aliyenishonea sare tangu shule ya msingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete nione."

Akaigeuza, akauvuta mshono kwa vidole gumba viwili, akauinua kwenye mwanga.

"Wamebania kitambaa," akasema. "Ona, wamekula kidogo mno hapa ukingoni. Kitu kinachovutika, halafu unataka kibebe mzigo, lazima ukiachie nafasi. Na uzi huu mwembamba."

Nikamtolea na kaptula, nilitaka tu aione. Akaikagua muda mrefu kuliko jezi, akapitisha kidole chini ya pedi, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Huyu aliyeshona hii ameshawahi kukaa kwenye baiskeli," akasema.

Kwenye jezi alitia kipande cha laikra nyeusi, kitambaa kinachovutika, ndani ya mdomo wa mfuko, akapiga zigizaga mara mbili. Akataka shilingi elfu tano. Imeshika hadi leo, pampu na ndizi na funguo zote ndani, na Jumapili bado naivaa.

Kaptula imeanza kung'aa pale inapogusa siti, laikra inachakaa, nadhani itanimalizia mwaka huu. Nitanunua ileile, nyeusi ileile. Iko dukani muda wote, na nimeona vuli ikifika bei zinashuka, kwa hiyo nasubiri Oktoba.