Boksi la sayansi: uliza kwanza kitakachoisha

Malalamiko ya wazazi kuhusu maboksi ya sayansi ya watoto yamenifikia kwa wingi, na ukiyachambua yote yanaangukia jambo moja: mtoto alifurahi jioni moja, kesho yake boksi likapanda juu ya kabati. Mama mmoja aliniandikia kwamba binti yake aliotesha fuwele za zambarau, zikatoka nzuri, akaomba kuotesha nyingine. Nyingine hakuna. Pakiti ilikuwa moja, na dukani pakiti haiuzwi peke yake. Ukiitaka, unanunua boksi zima upya.

Kwa hiyo humu sitahangaika na umri ulioandikwa ubavuni wala boksi kuwa la pinki au la bluu. Nina swali moja tu: ndani ya boksi hili, ni kitu gani kitaisha kwanza, na kikiisha nitakipata wapi?

Chukua hilo hilo la fuwele. Ukifungua unakuta kibakuli cha plastiki, kijiti cha kukorogea, vijiwe viwili vitatu, karatasi ya maelekezo yenye herufi za kutafutia miwani, na pakiti ya unga. Unga wenyewe mara nyingi ni shabu au fosfeti ya amonia iliyotiwa rangi. Maji ya moto huyeyusha mwingi kuliko ya baridi, hivyo yakipoa ule uliozidi hujitenga na kujipanga kuwa fuwele. Hiyo ni sayansi halisi, sibishi. Lakini utamu wake unaanza pale mtoto anapouliza, "Na tukiyapoza haraka je?" Ukipoza haraka unapata fuwele ndogo ndogo nyingi, ukiacha yapoe polepole unapata chache na kubwa. Ili alione hilo kwa macho yake lazima afanye mara mbili, na boksi limempa mara moja. Jaribio usiloweza kulirudia ni maonyesho tu, na maonyesho mtoto anayapata bure kwenye simu yako.

Dawa ipo, ila haikuandikwa kwenye karatasi ile: fuwele zilizokwisha kuota zinayeyuka tena kwenye maji ya moto. Zitupie humo, anza upya. Au nunua shabu ya kawaida, ambayo huuzwa peke yake, na boksi uliache rafuni. Volkano nayo ni siki na baking soda vikitoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Unacholipia ni mlima wa plasta. Ile "theluji ya ajabu" inayovimba ukiimwagia maji ni unga wa jamii ile ile ya ule wa ndani ya pampasi. Haya yote nayaweka mkiani mwa orodha yangu, na yasingekuwa na picha nzuri juu ya boksi nisingeyataja kabisa.

Sasa nafasi ya kwanza. Nina upendeleo na siufichi: ni Snap Circuits, ya kampuni ya Elenco ya Marekani. Hakuna aliyenilipa kusema hivi. Ni seti ya umeme ambayo kila kifaa, kuanzia balbu, swichi, mota hadi spika, kimefungwa ndani ya kipande cha plastiki chenye vifungo vya kubana kila ncha, kama vile vya nguo za watoto wachanga. Vipande vya waya ni vya bluu na vina namba kulingana na urefu, kwa hiyo hata mtoto asiyejua kusoma vizuri anafuata mchoro. Hakuna kuchomelea, hakuna bisibisi. Ile ndogo, SC-100, ina miradi 101. SC-300 ina miradi 305.

Idadi hizo usizishangilie sana, maana mradi wa 14 na wa 15 unaweza kutofautiana kwa swichi moja. Lakini hapa kubadilisha kitu kimoja ndiyo kazi yenyewe. Mtoto akiunga balbu na mota kwenye njia moja, vinagawana umeme na vyote vinazubaa; akivipa kila kimoja njia yake, vinachangamka. Hajasoma neno hata moja, lakini keshaona. Akitaka kuona tena, anabomoa na kujenga. Kinachoisha ni betri za AA basi, na hizo zipo kila mahali. Kipande kikipotea chini ya kochi au kikiungua, Elenco wanauza kimoja kimoja, na aliyeanza na ndogo anaweza kununua nyongeza ya kuifikisha kwenye kubwa bila kutupa chochote. Kwangu hilo pekee linamaliza mjadala.

Kasoro zake? Akiunga ncha mbili za betri moja kwa moja anapiga shoti na betri zinachemka, kwa hiyo siku za mwanzo kaa karibu. Feni yake inaruka juu kwelikweli, asiinamishe uso. Za kuiga zipo tele. Kabla ya kulipa, bana kipande na ukiachanishe mara kadhaa pale pale kaunta. Kikilegea mbele ya muuzaji, nyumbani hakitadumu.

Nafasi ya pili naipa hadubini, kwa sababu vitu vya kuangalia haviishi: jani la kitunguu, unywele, bawa la inzi, tone la maji ya dimbwi. Ila hapa ndipo uongo ulipojenga makao. Hadubini ya plastiki iliyoandikwa "mara 1200" itakuonyesha ukungu. Hata maabara, hadubini ya mwanga ikishapita mara 1000 na kitu haiongezi undani wowote, inakuza ukungu tu. Mtoto anahitaji lenzi ya kioo na ukuzaji wa mara 40 hadi 400, na kwa walio wadogo ile ya macho mawili ya mara 20 inatosha kabisa kumuona siafu hadi meno. Ipo pia Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford na Manu Prakash na Jim Cybulski. Inakuza mara 140 na inaingia mfukoni. Kuikunja mara ya kwanza kunataka subira ya mtu mzima.

Kwenye michezo ya mezani, swali langu linabaki lile lile, ila kinachoisha ni majibu. Kadi za maswali na majibu zinakufa siku mtoto anapozikariri, na watoto wanakariri upesi kuliko tunavyodhani. Mimi nachagua mchezo wenye kanuni badala ya majibu. SET, mchezo wa kuwahi kuona kadi tatu zinazoendana, ina kadi 81 tu: sifa nne, kila moja kwa namna tatu, na hakuna hata neno la kusoma. Mtoto atakushinda, jiandae. Rush Hour, ule wa kulitoa gari jekundu kwenye foleni, una kadi 40 za mafumbo. Zikiisha, mpe kazi ya kukutungia wewe fumbo. LEGO sina haja ya kuitetea: tofali la 1958 linashikana na la leo.

Roboti zinazoendeshwa kwa programu ya simu nazitazama kwa jicho la pembeni. Programu nayo huisha. Anki, waliotengeneza roboti Cozmo, walifunga kampuni 2019, na wenye roboti wakabaki kujiuliza programu yake ya simu itafanya kazi hadi lini. Nikitaka mtoto ajifunze kuandika programu namnunulia micro:bit, kile kibao kidogo ambacho BBC waliwagawia bure wanafunzi wa Uingereza 2016. Ukishakiwekea programu, kinaibeba chenyewe. Simu hata ikizimwa, kinaendelea.

Seti za kemia ziko katikati. Kosmos, kampuni ya Stuttgart, Ujerumani, wanatengeneza seti za majaribio tangu miaka ya 1920 na vitabu vyao vya maelekezo vinaheshimu akili ya mtoto, lakini kemikali ni kemikali, zinaisha. Nunua tu ile ambayo chupa zimeandikwa jina kamili la kilichomo. "Unga A" na "Unga B" ni njia ya kukufunga ili urudi kwao. (Huko nyuma, 1950, kampuni ya Gilbert ya Marekani iliuza seti ya watoto yenye madini ya urani. Siombi turudi huko.)

Vya bei ya chini: lenzi ya mkononi, sumaku moja kubwa, basi. Sumaku ndogo zenye nguvu usinunue ukiwa na mdogo nyumbani, kwani zikimezwa mbili hushikana kupitia kuta za utumbo. Na betri za kidonge, zile bapa kama sarafu, ziwe nyuma ya kifuniko cha skrubu. Ikikwama kooni inaunguza ndani ya saa mbili.

Wauzaji sasa. Boksi kubwa, nusu yake hewa. "Majaribio 100" ambayo 30 ni kuchanganya rangi. Miwani ya kinga ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka minane. "Betri hazimo" kwa herufi ambazo utaziona ukishafika nyumbani. Na mtu akikuuliza "unatafuta zawadi?" ujue anataka ununue kifuniko. Mwambie afungue boksi. Wengine wanakataa, eti mteja mwingine hatalitaka likishafunguliwa. Basi akuonyeshe orodha ya vilivyomo ubavuni, utafute neno "gramu", ujue unga uliomo ni kiasi gani, na ukilikosa, rudisha.