Basi la usiku kutoka Eastleigh hadi Marsabit: huduma inayostahili sifa, na mambo ya kurekebishwa

Mabasi yanayoondoka jioni mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi kuelekea Marsabit na Moyale, kaskazini mwa Kenya, hayawezi kupimwa kwa kipimo kile kile tunachotumia kwa mabasi ya Mombasa au Kisumu, kwa sababu abiria wake wengi wanatoka Marsabit, mji ambao kwa miongo mingi haukufikiwa na basi lolote la maana. Nimesafiri na mojawapo ya kampuni hizo, ambayo sitaitaja kwa jina, na kwa jumla naisifu.

Basi lenyewe lilikuwa safi, viti vilikuwa imara, na dereva hakukimbiza gari hata pale barabara ilipokuwa tupu mbele yake. Tulipita Isiolo usiku wa manane na kufika Marsabit alfajiri, wakati ukungu ulikuwa bado umeufunika mlima na baridi ilikuwa ya kuhitaji koti zito. Anayedhani kwamba kaskazini yote ni joto na vumbi atatetemeka pale kituoni.

Wepesi huo wa safari haukuwapo kizazi kimoja tu kilichopita. Lami iliishia Isiolo, na aliyetaka kuendelea alipanda lori, akakaa juu ya magunia huku ameshikilia vyuma, baada ya kungoja kwenye kizuizi cha barabarani hadi msafara upate askari wa kuulinda dhidi ya majambazi. Mvua iliponyesha, magari yalikwama na hakuna aliyejua angefika lini. Hali hiyo haikuletwa na umbali peke yake. Serikali ya kikoloni iliitenga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa sheria zilizomtaka mtu awe na kibali cha kuingia na kutoka, kisha baada ya uhuru Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Kaskazini ikabaki kungoja. Lami ilijengwa kipande kwa kipande, kwanza Isiolo hadi Merille, kisha Marsabit, Turbi na Moyale, na kufikia mwaka 2017 barabara yote ilikuwa inapitika.

Matokeo yake yanaonekana vizuri zaidi kwenye buti la basi kuliko katika hotuba yoyote. Wakati wa kupakua niliona vipuri vya pikipiki, marobota ya nguo, katoni za dawa na vifurushi vilivyoandikwa nambari za simu kwa kalamu nene, kila kimoja kikiwa na mwenyewe anayekingoja. Zamani mwenye duka la Marsabit alilazimika kuweka akiba ya bidhaa ya miezi, kwa kuwa hakujua lori lingine lingefika lini. Leo anapiga simu mchana, analipa kwa M-Pesa, na mzigo unamfikia kabla hajafungua duka. Mtaji uliokuwa umelala ghalani sasa unazunguka. Mabasi yanaporudi kusini, wanawake wa Isiolo hupakia madumu ya maziwa ya ngamia yanayouzwa Eastleigh, biashara ambayo bila usafiri wa haraka isingewezekana, kwani maziwa hayangoji.

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 291,166 katika Kaunti ya Marsabit, na ya mwaka 2019 ikahesabu 459,785. Serikali ya kaunti iliyoanza mwaka 2013 ilileta mishahara, ofisi na wapangaji, na mji ambao Waborana, Wagabra, Warendille na Waburji wameishi kwa muda mrefu sasa una wageni wengi kutoka kusini. Maji, hata hivyo, hayakukua pamoja na watu. Bwawa la Badasa, lililoanza kujengwa mwaka 2009, lilikwama, na mgeni anayeshuka kwenye basi akitaka kuoga aulize kwanza kama nyumba ya kulala wageni ina maji ya kutosha.

Sasa niseme yaliyoniudhi. Kwenye kizuizi cha polisi abiria waliamshwa, wakashushwa na kupangwa mstari ili waoneshe vitambulisho kwa mwanga wa tochi. Kampuni haiwezi kuondoa vizuizi, lakini ingeweza kuwaeleza abiria mapema ili vitambulisho viwe mkononi na wazee wabaki vitini. Utingo wetu alifanya alichoweza. Alimshika mkono bibi mmoja huku akimwambia, "Polepole, mama, shika hapa," na nidhamu hiyo inafaa kuwa kanuni badala ya kutegemea moyo wa kijana mmoja.

Kasoro kubwa zaidi ni jinsi wanavyotendewa watu wa Merille na Laisamis. Walilipa nauli kamili ya Marsabit, kisha wakaachwa gizani kando ya barabara pamoja na mizigo na watoto. Vijiji hivyo vinakua kwa sababu ya barabara hiyo hiyo, na soko la mifugo la Merille huwavuta wanunuzi wa mbali. Wanastahili nauli ya umbali wao na basi la mchana, angalau siku za soko.

Atakayesafiri achukue kiti cha katikati, abebe koti na maji, na adai risiti ya kila mzigo unaoingia kwenye buti, kwa sababu niliposafiri mimi risiti zilitolewa kwa walioomba tu.