Anki kwa mafresha wa medisini: iko poa, lakini anatomia haitakufunza

Mafresha wameanza kuuliza tena kama hii Anki, apu ya kukariri kwa kadi, inasaidia kweli ama ni kelele tu za maseniya, na ukiuliza kwa hosteli unaambiwa "we daunlodi tu utaona" halafu mtu anaenda zake. Mimi mwaka wa kwanza nilishaumaliza na bado naitumia, kwa hivyo acha niwape rivyu kamili. Kwa kifupi: ichukue, lakini ujue kazi yake. Kazi yake ni kukuzuia usisahau. Kukufanya uelewe hiyo si kazi yake, na mwaka wa kwanza unaangusha watu wa aina zote mbili, wale hawakuelewa tangu mwanzo na wale walielewa vizuri muhula wa kwanza wakafika mtihani wa mwisho kichwa kitupu.

Kwa wasiojua, ni programu ya kadi, upande huu swali upande ule jibu. Aliyeiandika ni Damien Elmes na iko tangu 2006, si hizi apu za juzi. Unaona swali, unajibu kwa kichwa, ndio unafungua jibu, halafu unabonyeza kama umekosa, umepata kwa shida, umepata, ama ilikuwa rahisi. Uliyokosa inarudi hapo hapo. Uliyopata inarudi baada ya siku kadhaa, ukiipata tena ni wiki, halafu ni miezi. Na hii si uchawi mpya, kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akikariri silabi zisizo na maana, na 1885 akachapisha kwamba mtu anasahau haraka sana mwanzoni halafu kasi inapungua, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kurudia mara mingi siku moja. Sasa fikiria vile watu wanakesha na kahawa usiku wa kuamkia CAT, ile mitihani ya katikati ya muhula.

Bei ndio raha. Kwa Android ni bure, tafuta AnkiDroid, inatengenezwa na watu wa kujitolea na haina matangazo, na ya laptopu pia ni bure. Soma jina vizuri kabla ubonyeze manake kuna apu zingine zimejipa jina karibu sawa, zinataka ulipe kila mwezi, na hazihusiani na hii. Kitu napenda zaidi ni kwamba kadi zikishaingia kwa simu huhitaji bando. Ukitoka Githurai asubuhi, jam ya Thika Road peke yake inatosha kumaliza marudio ya siku kabla ufike Museum Hill, bora tu usikae dirishani na simu mkononi, Nairobi unaijua. Stima ikipotea hosteli bado unaendelea.

Sasa mahali watu wanaharibu ni kwa kutengeneza kadi. Jamaa mmoja wa diskashen yetu alikuwa anakopi slaidi nzima anaibandika kwa kadi moja, swali ni "Elezea brakiali pleksasi", yaani ule mtandao wa neva za mkono, jibu ni ukurasa. Hiyo si kadi, hiyo ni noti imevaa nguo ya kadi. Huwezi jua umepata ama umekosa, kwa hivyo unabonyeza "nimepata" ndio iondoke. Kadi nzuri inauliza kitu kimoja, na ikiwezekana inauliza kwa mgonjwa: mtu ameanguka na bodaboda akavunja humerasi, mfupa wa mkono wa juu, katikati, sasa hawezi kuinua kiganja, neva gani imeumia? Radiali. Ingine: amevunja ile shingo ya juu ya humerasi, neva gani iko hatarini? Aksilari. Ingine: amegonga kiwiko upande wa ndani, vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi? Ulna. Tatu fupi kama hizo zinakupa zaidi ya ule ukurasa, na ukifika wodini bado zinafanya kazi.

Lakini, na hapa ndio watu huwa wananikasirikia, usitengeneze hata kadi moja ya brakiali pleksasi kama hujawahi kuichora. Chukua karatasi, anza na mizizi ya neva inayotoka uti wa mgongo, C5 mpaka T1, chora shina tatu, zigawanye, zifunge kuwa kodi tatu (kamba za neva, si ushuru), toa matawi matano, ukikosea unafuta unaanza tena mpaka mkono ujue njia wenyewe. Baada ya hapo ndio uweke kadi za kulinda kile umejenga. Mtu akianza na kadi bila mchoro anakariri majina yanaelea tu, anajua "mediani" inatoka kwa kodi mbili lakini ukimpeleka maabara umwambie nionyeshe, anaangalia maiti na maiti haina rangi ya njano kwa neva na nyekundu kwa ateri kama atlasi. Kila kitu ni kijivu-kahawia. Ule mtihani wa kuzunguka meza, pini imechomwa mahali, kengele ikilia unahama, hakuna apu inaweza kukupitisha hapo. Ni saa za maabara, mikono ndani, na mtu wa kukuuliza. Anki iko na kitu cha kuziba sehemu za picha, unaweka picha unafunika majina unajiuliza moja moja, na inasaidia sana kwa michoro yako mwenyewe na kwa mifupa minane ya kifundo cha mkono. Ila usipige picha miili ya maabara uweke kwa simu. Hairuhusiwi, na hao watu walikuwa mama na baba wa mtu.

Bayokemia ndio somo Anki inang'ara. Glikolisisi, njia ya seli kuvunja sukari, iko na hatua 10 na unaweza kuweka kadi ya kila hatua, lakini mimi ningeanza na zile enzaimu tatu zinazosimamia njia yote, heksokinesi, fosfofruktokinesi na piruvati kinesi, nini kinaziwasha na nini kinazizima, halafu hesabu ya ATP (nishati ya seli) mbili za faida. Halafu weka zile zinagusa watu wetu. Selimundu ni asidi amino moja tu imebadilika, nafasi ya sita ya beta globini (sehemu ya himoglobini ya damu), glutamati imetoka valini imeingia, na pale Kisumu utakutana na hao wagonjwa sana kuliko hayo magonjwa adimu unayokaririshwa kwa mistari miwili. Upungufu wa enzaimu ya G6PD, kwa nini primakwini, dawa ya malaria, inaweza kupasua seli nyekundu za mtu kama huyo. Kadi kama hizo huwezi kuzisahau hata ukitaka.

Fiziolojia sasa, hapa naiondolea Anki nyota. Unaweza kuweka kadi kwamba moyo unasukuma kama mililita 70 kwa pigo, mara mapigo 72, ni kama lita tano kwa dakika, sawa. Lakini mtihani hautakuuliza hiyo. Utaulizwa mtu amepoteza damu, eleza mwili unafanya nini ndio presha isishuke, na hiyo ni mlolongo, hii inasababisha ile, ile inarudi kuzuia hii. Ukiikata vipande vya kadi inakuwa vipande. Hapo fanya hivi: karatasi tupu, pepa ya miaka ya nyuma, saa mezani, andika jibu lote bila kufungua noti, halafu mpelekee mwenzako alisome na kalamu nyekundu. Vyuo vyetu bado vinapenda insha, na vidole vya kubonyeza kadi havijazoea kuandika kurasa nne.

Shida kubwa ya hii apu ni kwamba haina huruma. Ukiiacha inaendelea kuhesabu. Ule mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulioanza Septemba, watu walirudi nyumbani wakaweka simu kando, waliporudi darasani wakakuta marudio kwa mamia yanawangoja, wengi wakafuta apu siku hiyo hiyo. Kwa hivyo anza kidogo. Yenyewe inakuja imewekwa kadi mpya 20 kwa siku, inaonekana kidogo, lakini baada ya wiki kadhaa kila moja inakuwa inarudi na unajipata na marudio zaidi ya mia kila siku. Fresha aweke 10. Kwa mipangilio kuna kitu kinaitwa FSRS, kiwashe, ni njia mpya ya kupanga marudio, na ile asilimia ya kukumbuka iache kwa 90. Kuna watu wanapandisha mpaka 97 wakidhani ni bidii, wanajiongezea kazi kibao kwa faida kiduchu. Na ukirundikana usijaribu kumaliza zote usiku mmoja, simamisha kadi mpya kwanza, punguza zile za zamani polepole.

Kuhusu zile deki (mafurushi ya kadi) za watu zinapitishwa kwa simu, zile kubwa kubwa za makumi ya maelfu ya kadi: zimetengenezewa USMLE, mtihani wa Marekani wa leseni ya udaktari. Ni kazi nzuri, sikatai, lakini huo ni mtihani wao, na Step 1 yenyewe, hatua yake ya kwanza, siku hizi ni kupita ama kuanguka tu tangu Januari 2022. Ukiibeba yote mwaka wa kwanza utakuwa unakariri dawa za mwaka wa tatu wakati hujui matawi ya ateri ya subklavia na CAT ni Jumatatu. Kopa kadi chache humo, zingine tengeneza kutoka kwa lekcha yako, jioni ile ile, wakati bado unakumbuka mwalimu alisisitiza nini. Kile kitendo cha kufikiria niulizeje hiki kitu ni nusu ya kusoma.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimetoa kwa sababu ya fiziolojia na kwa sababu sura yake ni mbaya, inafanana na programu ya benki ya zamani, fresha akiifungua mara ya kwanza anachanganyikiwa.

Wa iPhone, apu rasmi ni dola 24.99, zaidi ya elfu tatu za Kenya, ila unalipa mara moja tu. Kabla utoe hiyo pesa fungua AnkiWeb, Anki ya mtandaoni, kwa brauza ya simu, ni bure ingawa inakula bando, kaa nayo muhula mmoja, na ukiona bado unaifungua kila siku bila kusukumwa na mtu, lipa.